Lenzi ya Kilo Moja na Nusu, Bahasha ya Gramu 120: Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Soko la Mtandaoni

Kwa: Wakurugenzi, na Mkuu wa Idara ya Usalama wa Wateja

Yah: Utapeli katika mauzo ya kamera na lenzi za gharama kubwa, na lalamiko langu mlilolifunga mara tatu

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Salamu nyingi. Mimi ni mpiga picha wa harusi na mteja wenu kwa miaka sita. Kamera ninayofanyia kazi leo niliinunua sokoni kwenu, flashi mbili pia, na tripodi ambayo hadi sasa inasimama vizuri kuliko mimi baada ya kutwa nzima ya sherehe. Nayasema haya mapema ili msije mkaniweka kwenye fungu la watu wanaowachukia. Siwachukii. Nimewaandikia faraghani mara tatu, nimepiga simu mara mbili, na kila mara nimejibiwa kwa maneno yaleyale, hadi koma zilezile. Ndiyo maana leo nasema nanyi mbele za watu.

Jina la soko lenu sitalitaja. Ninyi mnajijua. Tena, tangu nianze kuwasimulia wenzangu wa kazi, nimegundua kwamba wengi wamelizwa vivyo hivyo kwenye masoko mengine. Kwa hiyo mwenye soko lolote la aina hii akiisoma barua hii, aihesabu kuwa ni yake pia.

Kisa chenyewe ni hiki.

Nilikuwa natafuta lenzi ya Canon EF 70-200mm f/2.8L IS II, iliyotumika. Wapiga picha wa sherehe wanaijua. Ndiyo inayokuwezesha kusimama mwisho wa ukumbi ukapata chozi la mama wa bibi harusi bila kumwekea kamera puani. Nikaiona kwenye tangazo moja sokoni kwenu. Bei haikuwa ya kutupa. Ilikuwa chini ya bei ya kawaida kwa kama sehemu moja ya tano, kiasi ambacho muuzaji mwenye haraka zake angeweza kweli kupunguza. Akaunti ilikuwa na umri wa miaka saba na nyota tele. Nikafuata ukurasa wenu wa ushauri neno kwa neno. Mazungumzo yote niliyafanya ndani ya mfumo wenu, malipo nikayapitisha kwenu, na nikaomba nipigiwe picha ya lenzi ikiwa kando ya karatasi yenye jina langu na tarehe ya siku ile. Picha ikaja.

Siku ya sita nikapata ujumbe: "Kifurushi chako kimefikishwa." Nilikuwa nyumbani kutwa nzima na hakuna aliyebisha hodi. Nilipofuatilia kwa msafirishaji nikapewa karatasi. Kifurushi kilikuja kwenye mji wangu, kweli. Kilikuja kwenye msimbo wangu wa posta, kweli. Lakini anwani ilikuwa nyingine na aliyetia saini ni mtu nisiyemjua. Uzito: gramu 120. Lenzi ile, kwa vipimo vya Canon wenyewe, ina gramu 1,490, na hapo pete ya kufungia tripodi haijahesabiwa. Gramu 120 ni bahasha yenye kadi chache za mwaliko.

Niliwatumia karatasi hiyo. Lalamiko likafungwa: "Kumbukumbu zetu zinaonyesha kifurushi kilifikishwa." Nikakata rufaa, na jibu likaja baada ya dakika nne. Kama kuna mtu pale kwenu anayeweza kusoma viambatisho vitatu na kutoa uamuzi kwa dakika nne, mwongezeeni mshahara. Rufaa ya pili ilijibiwa na jina jipya kwa maneno ya zamani.

Yafuatayo ndiyo ninayolalamikia. Sikuyapanga kwa ukubwa. La kwanza ndilo lililonipata mimi, kwa hiyo mtanisamehe nikilikalia.

1. "Kimefikishwa" si sawa na "kimenifikia"

Ujanja ulionikuta haukuhitaji akili nyingi. Tapeli hutuma kitu chepesi kisicho na thamani kwenda kwenye anwani yoyote iliyo ndani ya eneo la posta la mnunuzi. Msafirishaji, kwa sababu za faragha, hamwonyeshi kila mtu anwani kamili. Huonyesha mji na neno "kimefikishwa". Mfumo wenu unalinganisha mji na mji, unaridhika, na pesa zinatoka. Kuanzia hapo mnunuzi ndiye anayeambiwa athibitishe kwamba hakupokea. Niambieni, waheshimiwa, mtu huthibitishaje kutopokea? Nipige picha meza yangu ikiwa tupu?

Upo na ujanja ndugu yake, ambao boksi linakufikia kweli, zito kama inavyotakiwa, nawe ukifungua unakuta tofali lililoviringishwa magazeti. Ndiyo maana wapiga picha waliokwisha kuungua hurekodi video ya kufungua kifurushi bila kuikata: wanaanza na lebo, wanaweka boksi juu ya mzani, wanaonyesha kwamba gundi haijaguswa, ndipo wanashika kisu. Mimi nilikuwa nimeshaifunga simu kwenye tripodi siku ile. Haikupata cha kurekodi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uzito mliujua kabla yangu. Muuzaji anaponunua lebo ya kutumia mzigo kupitia kwenu, nauli mnamtoza kwa gramu. Tangazo linasema lenzi fulani, na uzito wa lenzi hiyo umeandikwa kwenye ukurasa wa kampuni iliyoitengeneza, kila mtu anauona. Kompyuta inayojua kudai nauli kwa gramu inashindwaje kuuliza kilo moja na nusu ya kioo na chuma imewezaje kuingia kwenye bahasha?

2. Akaunti iliyokufa ikafufuka

Baada ya kuumia nilirudi kwenye historia ya muuzaji yule na kuisoma kama nilivyopaswa kuisoma mwanzo. (Hilo nalikubali, nalirudia huko mbele.) Nyota zote zile zilitokana na nguo za watoto. Suruali, sweta, viatu vidogo. Kisha miaka miwili ya kimya. Kisha, ndani ya juma moja, lenzi kumi na moja.

Mwenye akaunti ile huenda hajui lolote. Yaelekea neno lake la siri lilikuwa lilelile analotumia kwingine, likavuja huko, na mtu akaingia akavaa nyota zake kama joho la kuazima. Mimi niliona nyota. Ninyi mliona kifaa kipya kikiingia kwenye akaunti, akaunti ya benki ikibadilishwa, aina ya bidhaa ikihama kutoka viatu vya mtoto hadi vioo vya kitaalamu, na yote hayo kwa juma moja. Juu ya tangazo bado mkanibandikia alama ya kijani: "Muuzaji anayeaminika."

Alama hiyo inahesabu nyota tu, haisomi zilitoka wapi.

Na ile picha ya karatasi yenye jina langu? Nimeikuza baadaye. Kivuli cha lenzi kinaelekea kushoto na kivuli cha karatasi hakipo. Zamani ushauri wa "omba picha yenye jina lako na tarehe" ulikuwa ngao nzuri, kwa sababu tapeli aliyeiba picha mahali hana lenzi ya kupiga upya. Siku hizi programu za akili mnemba zinaandika jina lako kwenye karatasi ambayo haikuwahi kuwepo. Ukurasa wenu wa ushauri bado unaitaja picha hiyo kuwa uthibitisho. Walau wekeni video fupi mahali pake: mtu aizungushe pete ya fokasi, aonyeshe maandishi ya pembeni, afungue kifuniko cha nyuma, na ataje neno ambalo mnunuzi amelichagua dakika hiyohiyo. Nayo haitadumu milele, lakini kwa leo inamsumbua tapeli.

3. Namba iliyochapwa kwenye bodi na kwenye lenzi

Kila kamera na kila lenzi ya maana ina namba yake peke yake, iliyochapwa chini ya bodi (yaani kamera yenyewe bila lenzi) au kando ya lenzi. Sokoni kwenu ninaweza kuuza kamera kumi bila kuulizwa hata moja ya namba hizo. Simu mnaziulizia. Magari mnayaulizia. Kamera, ambayo bei yake mara nyingine inalingana na gari bovu, inapita kama mfuko wa vitunguu.

Kwa hiyo kamera za wizi zinauzika kwenu bila taabu. Na hapa kuna jambo ambalo wapiga picha wengi hawalijui: hata kama boksi na risiti vimepotea, kamera nyingi huiandika namba yake ndani ya kila faili la picha. Aliyeibiwa akichukua picha ya zamani, akaifungua kwa programu ya bure kama ExifTool, anaweza kuikuta namba ya kamera yake humo. Angeweza kuwaletea. Ila akiwaletea, mtailinganisha na nini, ikiwa wauzaji hamkuwauliza?

Kuna na bidhaa zilizobadilishwa sura. Mwaka 2012 Nikon walitoa kamera mbili pacha, D800 na D800E, zote za megapikseli 36.3. Tofauti yao ilikuwa kwenye kichujio kilicho mbele ya kihisi, ambacho kwenye D800E kiliondolewa nguvu ya kulainisha picha, na hiyo ya pili ikauzwa ghali zaidi. Watu wakachukua D800, wakaivua gamba, wakaivalisha gamba la D800E. Nikon wenyewe walilazimika kutoa onyo kwa wateja. Macho hayawezi kukuokoa hapo. Kinachoweza kukuokoa ni kuomba faili halisi, lisilohaririwa, lililopigwa na kamera hiyohiyo, kwa sababu kamera huandika ndani ya faili jina la modeli yake, na gamba la kuazima halibadilishi kilichomo tumboni. Mfumo wenu hauna hata sehemu ya kupandisha faili la namna hiyo. Kila picha ninayopandisha mnaipunguza ukubwa na kuifuta taarifa zake.

Sisemi namba zianikwe hadharani. Tapeli akiiona namba ya kweli ataiweka kwenye tangazo lake la uongo. Zikusanyeni, zifichwe, zitumike kulinganisha na taarifa za wizi, na mnunuzi aonyeshwe baada ya kulipa ili alinganishe na kilichomfikia.

4. "Kama mpya"

Hili nitalipitia haraka, maana si utapeli wa kuvunja moyo, ni wa kuchosha. Muuzaji anaandika "shata imepigwa mara elfu nane tu". Shata ni kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga kila unapopiga picha. Canon walikadiria shata ya 5D Mark III kwa mapigo 150,000. Nikon wakaikadiria ya D850 kwa 200,000. Kwa hiyo hesabu hiyo ni kama kilometa za gari, na ndiyo inayopanga bei. Nikon huiandika ndani ya faili la picha na mtu yeyote anaweza kuisoma. Kamera nyingi za Canon hazifanyi hivyo. Basi muuzaji wa Canon akisema elfu nane, uliza ameijuaje. Lenzi nazo zipigwe picha zikiwa zimemulikwa tochi kwa nyuma, kwa sababu fangasi za ndani ya kioo hazionekani kwenye picha ya juu ya meza yenye mwanga mzuri.

Na zile kamera "mpya kabisa" ambazo hazikupitia kwa wasambazaji rasmi. Canon EOS 700D, Rebel T5i na Kiss X7i ni kamera moja yenye majina matatu kwa masoko matatu. Tangazo likisema jina moja na boksi likasema jingine, kamera si feki, lakini ilitengenezewa watu wa kwingine, na huenda ikiharibika fundi rasmi wa eneo lako akakataa kuigusa. Mtu akiuziwa hivyo huku ameambiwa wazi, hana cha kulalamika. Tatizo ni wanaonyamaza, na fomu yenu ya tangazo haiwalazimishi kusema.

5. Kuvutwa nje ya soko

"Nitafute kwenye namba hii, nikupunguzie kamisheni ya soko." Kichujio chenu kinafuta namba za simu, nakipongeza. Hakifuti namba ikiandikwa kwa maneno, wala ikiandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyopigwa picha kando ya kamera. Huko nje muuzaji huomba pesa zitumwe kwa njia isiyo na ulinzi. Kwa PayPal, kwa mfano, ataomba utume kama kwa rafiki au ndugu, na malipo ya aina hiyo hayamo katika ulinzi wa mnunuzi. Mtu anayekuuzia lenzi kisha anataka kuwa ndugu yako siku ya malipo tu, huyo mkimbie.

Sasa, najua mtakavyojibu, kwa kuwa nimeshajibiwa.

Mtasema ninyi ni uwanja tu, wanaofanya biashara ni wengine. Uwanja hauchukui kamisheni kwenye kila lenzi, hauuzi nafasi ya juu kwa anayelipia tangazo, wala haubandiki alama za kijani. Ninyi mnayafanya yote matatu. Na utetezi huo wa "sisi ni njia tu" umeshapimwa kwa wengine. Januari 2017 Western Union walikubali nchini Marekani kutoa dola milioni 586, wakakiri kwamba waliwasaidia matapeli kwa kuziacha pesa zao zipite, na fedha hizo zikatumika kuwafidia waliotapeliwa. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki na kampuni za malipo zinalazimika kumrejeshea mteja aliyedanganywa akatuma pesa mwenyewe, hadi pauni 85,000. Marekani tena, tangu 27 Juni 2023, masoko ya mtandaoni yanatakiwa kisheria kuwahakiki wauzaji waliofikisha mauzo 200 na mapato ya dola 5,000 ndani ya miezi 12. Sheria hiyo inahusu bidhaa mpya na lenzi yangu ilikuwa imetumika, najua, msinitumie mwanasheria kwa hilo. Ninachosema ni kwamba kumjua muuzaji wako kumeshaacha kuwa jambo la hisani.

Mtasema wanunuzi nao ni matapeli. Kweli kabisa, na hili halisemwi vya kutosha. Wapo wanaonunua lenzi nzima, wakarudisha ya kwao iliyopasuka wakidai ndiyo waliyotumiwa. Rafiki yangu mmoja amerudishiwa bodi ambayo si yake, ikiwa na mchanga ndani ya vitufe. Alilalamika kwenu akashindwa, kwa sababu hakuwa na pa kuonyesha namba ya bodi aliyoituma. Kumbukumbu ya namba ingemwokoa yeye kama ambavyo ukaguzi wa uzito ungeniokoa mimi. Muuzaji mwaminifu na mnunuzi mwaminifu wanahitaji kitu kilekile.

Mtasema kuchelewesha malipo kutawakimbiza wauzaji. Mimi pia nauza kwenu, nimeuza lenzi mbili mwaka jana. Kungoja siku tatu mnunuzi aijaribu lenzi kwenye bodi yake kusingenikimbiza. Kilichokaribia kunikimbiza ni kamisheni.

Na mtasema, kama msemaji wenu wa simu alivyoniambia, kwamba mnunuzi anapaswa kuwa makini. Mwenye macho haambiwi tazama. Nimeshakiri kwamba sikuisoma historia ya muuzaji hadi chini. Kosa langu hilo. Lakini chukueni ukurasa wenu wa ushauri muusome tena polepole. Mnatuambia tuangalie umri wa akaunti na aina ya bidhaa alizouza: ninyi mnazo. Tuangalie kama picha imeonekana kwenye tangazo jingine: matangazo yote yako kwenye mashine zenu, na kulinganisha picha ni kazi ambayo Google Lens na TinEye humfanyia mtu yeyote bure. Tuangalie bei kama inaeleweka: ninyi ndio wenye bei za maelfu ya lenzi za aina ile zilizouzwa. Kila dalili mnayotuagiza tuitafute kwa tochi, kwenu iko mchana kweupe. Mtu mwenye taarifa zote anamwambia asiye nazo awe makini, kisha kikiharibika anasema asiye nazo hakutazama. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mshika gunia ni ninyi.

Kwa hiyo, Waheshimiwa Wakurugenzi, naomba yafuatayo. Nimeyapunguza hadi yale ambayo mhandisi wenu mmoja na kikao kimoja vinaweza kuyaanza.

Kwanza, kwa kamera na lenzi za bei inayozidi kiwango mtakachokitangaza, pesa ya muuzaji ishikwe kwa saa 72 baada ya mnunuzi mwenyewe kuthibitisha kupokea, au baada ya msafirishaji kuthibitisha anwani kamili pamoja na uzito. Mji pekee usikubalike tena kuwa ushahidi. Uzito ukipungua chini ya nusu ya uzito wa kifaa kilichotangazwa, malipo yasimame yenyewe hadi mtu aangalie.

Pili, akaunti iliyolala zaidi ya mwaka ikiamka na vitu ghali, au ikibadilisha akaunti ya benki, isiruhusiwe kutangaza hadi mwenyewe athibitishwe upya kwa hatua mbili. Na nyota zioneshwe pamoja na kilichouzwa. "Nyota 340, zote za nguo" ni taarifa. "Nyota 340" peke yake ni mapambo.

Tatu, namba ya bodi na ya lenzi iwe sharti la kutangaza, ihifadhiwe kwa siri, na kuwe na mahali pa aliyeibiwa kuandikisha yake. Pamoja na hilo, ruhusuni muuzaji apandishe faili moja la picha lisilofutwa taarifa zake.

Nne, muda wa kulalamika. Ninyi mnatupa siku saba. PayPal huwapa wanunuzi siku 180. eBay hutoa siku 30 tangu kifaa kifike au tangu tarehe ya mwisho kilipotarajiwa kufika. Mpiga picha anaweza kununua lenzi leo na harusi yake ya kwanza ikawa baada ya wiki tatu. Ndipo atakapojua kwamba fokasi inagoma jua likizama. Siombi 180. Thelathini zinatosha.

Tano, rufaa isomwe na binadamu, na jibu litaje kila kiambatisho kilichosomwa na kwa nini kimekubaliwa au kukataliwa. Lalamiko langu liwe la kwanza. Karatasi ya msafirishaji mnayo tayari. Mkihitaji nakala nyingine nitaileta mkononi.

Nawapa siku 30 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita bila jibu lenye maelezo, nitapeleka vielelezo vyote kwa mamlaka ya ulinzi wa walaji na kwa benki iliyotoa kadi niliyolipia, ambako tayari nimeomba malipo yapitiwe upya. Mkinijibu vizuri, nitalichapisha jibu lenu hapahapa, neno kwa neno, bila kuongeza kejeli. Ile ya mshahara nitaiondoa.

Kwa wapiga picha wenzangu watakaoipitia barua hii wakiwa na tangazo lingine wamelifungua pembeni: akaunti ile iliyonitapeli ilikuwa bado hai nilipoangalia asubuhi ya leo. Ina lenzi nne zaidi, na alama ya kijani iko palepale.

Wenu anayengoja majibu,

Mpiga picha wa harusi, mteja na muuzaji sokoni kwenu kwa miaka sita

Nakala: Idara ya Rufaa, Kampuni ya usafirishaji iliyohusika, Benki yangu